Kwa nini "I am eager to learn" ni sahihi ilhali "I am easy to learn" inachekesha?

Karani wa Bandarini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada katika jambo la sarufi ya Kiingereza ambalo limenitia aibu kazini mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaandikia barua pepe wateja walio nje ya nchi. Mara ya kwanza mteja aliomba tukutane Ijumaa, siku ambayo nilikuwa na ukaguzi wa makontena tangu asubuhi, nami nikamjibu: "I am impossible to meet you on Friday." Alijibu kwa upole, lakini jibu lake lilimfikia pia msimamizi wangu, ambaye aliniita mezani kwake akaniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba nimejitangaza kuwa mtu asiyewezekana.

Mara ya pili ilikuwa katika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo. Niliandika: "I am easy to learn new systems." Msimamizi yule yule alipiga mstari mwekundu chini ya neno "easy", akaandika pembeni "eager", kisha akanirudishia karatasi bila maelezo yoyote.

Nikizitazama "I am eager to learn" na "I am easy to learn", sioni tofauti ya umbo hata kidogo. Zote zina kiima, kitenzi "am", kivumishi, kisha kitenzi kilichotanguliwa na "to". Kwa Kiswahili nasema "mimi ni mwepesi wa kujifunza" na hakuna anayecheka. Je, ipo kanuni ya kuzitenganisha, au ni lazima nikariri vivumishi kimoja kimoja? Kitabu cha shule nilichobaki nacho kinasema tu kwamba kivumishi huweza kufuatwa na kitenzi-jina, halafu kinatoa mifano iliyochanganywa kama mchele na choroko.

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Ndugu Karani, pole kwa wino mwekundu. Kosa lako ni la kawaida sana; katika madarasa ya jioni ya watu wazima ninayofundisha, halipiti juma bila mtu kunieleza kwamba yeye ni "difficult to understand", akimaanisha kwamba somo limemshinda.

Umbo ni moja kweli, kama ulivyosema, lakini chini yake kuna mahusiano tofauti, na swali la kujiuliza ni hili: ni nani anayetenda kile kitenzi kilicho baada ya "to"? Katika "Asha is eager to help", mwenye hamu ni Asha na atakayesaidia ni Asha huyo huyo. Katika "Asha is easy to help", Asha hamsaidii mtu yeyote; yeye ndiye anayesaidiwa, na msaidizi ni mwingine ambaye hakutajwa. Ukitaka kuhakikisha, ianzishe sentensi kwa "it". "It is easy to help Asha" inakubalika bila shida, kwa kuwa Asha amerudi mahali pake, nyuma ya kitenzi, akiwa yambwa. "It is eager to help Asha" haiwezi kuwa na maana ile ya kwanza, labda uwe unazungumzia mbwa wake.

Sasa rudi kwenye barua yako. "I am easy to learn" inamwambia msomaji kwamba wewe ni somo, tena somo jepesi, na kwamba watu wanakujifunza bila kutoka jasho. Ulipoongeza "new systems", ukaleta yambwa ya pili kugombea kiti ambacho wewe mwenyewe ulikuwa umeshakikalia. Ile ya Ijumaa ina kasoro hiyo hiyo. "I am impossible to meet on Friday", bila "you", ni sentensi kamili, ila inasema kwamba siku hiyo hakuna mja awezaye kukutana nawe, kauli ambayo ingemfaa sultani kuliko karani. Ulichotaka kusema ni "It is impossible for me to meet you on Friday", ingawa katika barua za kazi ni ustaarabu zaidi kuandika "I am afraid I am unable to meet you on Friday." Angalia kwamba "unable" imekubali kiima "I", kwa sababu asiyeweza ni wewe na ambaye angekutana na mteja ni wewe.

Huhitaji kukariri vivumishi vyote. Vile vya jamii ya "eager", kama vile willing, ready, able, anxious, determined na reluctant, vinaeleza moyo au uwezo wa mtu. Vile vya jamii ya "easy", kama vile difficult, hard, impossible, dangerous, pleasant na expensive, havielezi moyo wa mtu. Vinapima tendo lenyewe, uzito wake, hatari yake, ladha yake au gharama yake. Kivumishi kinachopima tendo usikipe mtendaji kuwa kiima chake.

Ili usijione mjinga, nikupe habari moja. Jozi ya "John is easy to please" na "John is eager to please" ilitumiwa na mwanaisimu Noam Chomsky katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuonyesha jinsi sentensi zinazofanana kwa nje zinavyoweza kutofautiana kwa ndani. Mkewe, Carol Chomsky, akachapisha mwaka 1969 uchunguzi wa watoto wa Marekani wa miaka 5 hadi 10. Mtoto aliwekewa mbele yake mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akaulizwa: "Is this doll easy to see or hard to see?" Wengi wa watoto wadogo walijibu kwamba ni "hard to see", na walipoambiwa wamfanye awe "easy to see", wakamfungua kitambaa. Walidhani anayeona ni mwanasesere. Kwa hiyo hata waliozaliwa ndani ya lugha hiyo huanza kwa kukosea pale pale ulipokosea wewe.

Mfasiri wa Mwambao alijibu:

Mwalimu wa Jioni, shikamoo. Maelezo yako yamenyooka, nami naomba kuongeza jambo linalohusu Kiswahili chenyewe, kwa sababu naamini kosa la ndugu yetu limetoka huko.

Kiswahili hakiliachi swali la nani katenda likiwa limefichwa ndani ya kivumishi. Hulijibu waziwazi kwenye kitenzi. Tunasema mzigo haubebeki, barabara haipitiki, chai hainyweki kwa moto, na mara tu unaposikia hiyo "-ek-" au "-ik-" unajua kwamba kilichotajwa mwanzoni hakitendi kitu, bali kinatendeka. Mwingereza anayo chai hiyo hiyo ya moto, lakini anasema "The tea is too hot to drink", na "drink" yake haikubadilika hata herufi moja. Ni ile ile ya "The child is too sleepy to drink", ambapo mtoto ndiye anayepaswa kunywa. Sisi tungetofautisha: chai hainyweki, mtoto hawezi kunywa kwa usingizi. Yeye anamwachia msomaji atambue mwenyewe kwamba chai hainywi.

Nimejaribu kulitafsiri swali la yule mwanasesere nikashindwa kulibakiza kuwa mtihani. Nikiuliza "Je, ni rahisi kuonekana?", nimekwisha kumpa mtoto jibu. Nikiuliza "Je, ni rahisi kumwona?", hiyo "-mw-" ndogo katikati ya kitenzi imetoa siri vilevile. Na nikiuliza "Je, anaona kwa urahisi?", nimeuliza swali jingine kabisa, na mtoto atakayejibu kwamba haoni kwa sababu amefungwa macho atakuwa amesema kweli.

Hapo ndipo yanapozaliwa makosa mengine mawili ambayo ninayasahihisha karibu kila siku katika kazi yangu. Mtu anawaza "fomu hii ni rahisi kuijaza", anakihesabu kile kiambishi "-i-", kisha anaandika "This form is easy to fill it in." Kwa Kiingereza ile "it" inakataliwa, kwa sababu fomu imeshatajwa mwanzoni na nafasi yake nyuma ya kitenzi hubaki wazi: "This form is easy to fill in." Mwingine anawaza "ni rahisi kujazwa", anaandika "easy to be filled in", jambo ambalo linaeleweka lakini halina ladha ya Kiingereza, kwa kuwa baada ya "easy" na wenzake kitenzi hukaa katika kauli ya kutenda, hata kama maana ni ya kutendwa. Lililo gumu zaidi kwa Mswahili ni pale panapohusika kihusishi. Sisi tunasema "mkurugenzi huyu ni vigumu kufanya kazi naye", na bila "naye" sentensi imekatika mkia. Mwingereza anaukata mkia huo makusudi: "This director is difficult to work with." Ile "with" inaning'inia mwishoni bila mtu wa kumshika mkono, na ukimpatia "him" umeiharibu sentensi.

Halafu kuna neno "ready", ambalo halikubali kuwekwa upande wowote. "The goat is ready to eat" inaweza kuandikwa na mchungaji asubuhi, mbuzi akiwa na njaa, au na mpishi jioni, mbuzi akiwa juu ya sinia. Kwetu mmoja yuko tayari kula, mwingine yuko tayari kuliwa, na mgeni hawezi kuchanganyikiwa. Katika neno hilo peke yake, ukiona shaka, unaruhusiwa kuandika "ready to be eaten."

Mwisho, ndugu Karani, naomba nipingane kidogo na msimamizi wako. Uliwaza "mwepesi wa kujifunza", naye akakuandikia "eager", ambayo ni "mwenye hamu ya kujifunza". Sentensi imekuwa sahihi, ila maana si yako tena. Kiswahili kina jamii kubwa ya maneno yanayofungwa kwa "wa": mwepesi wa kujifunza, mzito wa kusema, hodari wa kuimba. Kiingereza kinayo mawili ya kwanza karibu kama yalivyo, "quick to learn" na "slow to speak", lakini la tatu kinaligeuza kuwa "good at singing", wala hakisemi "good to sing". Barua yako ingetakiwa kusema "I am quick to learn new systems."

Karani wa Bandarini aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Mfasiri. Hilo la "quick" limenigusa, maana hamu ninayo, lakini nilichotaka wakijue ni kwamba nikionyeshwa programu mpya ya forodha mara moja sihitaji kuonyeshwa tena.

Nimeyapitia maandishi yangu ya wiki hii nikiwa na swali la nani anatenda. Nimekuta nimemwandikia mteja "You are necessary to sign the document", na nimemwambia mwingine "The container is possible to release today." Ya kwanza naona nimekosea, kwa sababu anayetia saini ni yeye na "necessary" inapima tendo. Ya pili nadhani ni sahihi, kwa kuwa kontena halitoi bali linatolewa. Nimekuta pia "It is kind for you to help me" na "I am busy to prepare the invoice", ambazo swali lenu halinisaidii kuziamua.

Mpenda Sarufi alijibu:

Salaam kwenu nyote. Kwa hiyo ya saini umejirekebisha vizuri: andika "It is necessary for you to sign the document", au kwa wepesi zaidi "You need to sign". Kwa hiyo ya kontena umefuata kanuni sawasawa ukaangukia shimoni, na lawama si yako. "Impossible" imo katika jamii ya "easy", kwa hiyo "The container is impossible to release today" inapita. Ndugu yake "possible" hayumo, na waandishi makini hawaandiki "The container is possible to release", wanaandika "It is possible to release the container today." Maneno mawili yaliyozaliwa pamoja, moja linaruhusu kitu kuruka mbele ya sentensi, lingine linakataa. Hili ni la kukariri tu.

Kuhusu "kind", hapo umeingia jamii ya tatu ambayo walionitangulia hawakuigusa, nayo naiona kuwa yenye adabu nyingi kuliko zote. Kuna vivumishi vinavyomhukumu mtu kwa tendo lake: kind, generous, wise, foolish, rude, careless. Vikitanguliwa na "it is", vinamtaka mtu huyo aje na "of": "It is kind of you to help me." Kipimo chake ni kwamba waweza kukitoa kivumishi na kumvika mtu mwenyewe. Dereva aliyeacha lakiri ya kontena wazi, "It was careless of the driver to leave the seal open", ni dereva mzembe. Uzembe ni wake. Lakini katika "It was difficult for the driver to open the seal", dereva si mgumu, kugumu ni kufungua, kwa hiyo tunatumia "for". Neno "good" linakubali yote mawili, nawe uwe mwangalifu nalo: "It is good of you to wait" ni shukrani kwa wema wa mtu, ilhali "It is good for you to wait" ni kumwambia kwamba kungoja kutamfaa yeye. Ukimwandikia hiyo ya pili mteja ambaye mzigo wake umekaa bandarini siku kumi, usishangae akikupigia simu.

"Busy" haifuatwi na "to" kabisa kwa maana unayoitaka. Sema "busy preparing the invoice". Vivyo hivyo "worth", ambayo watu wengi huiandikia "worth to read". Sahihi ni "worth reading".

Naomba niongeze "likely" na "sure", kwa sababu katika kazi ya mizigo huwezi kuzikwepa. "The ship is likely to arrive on Monday" haielezi moyo wa meli wala haipimi tendo la kufika, inaeleza makadirio ya mwandishi, kama sisi tunavyosema "huenda meli ikafika Jumatatu." Kadhalika "The customer is sure to complain." Msomaji wa haraka atadhani mteja ana hakika, kumbe mteja huenda hata hajui kwamba kuna la kulalamikia; mwenye hakika ni wewe uliyeandika, yaani "bila shaka mteja atalalamika." Ukitaka kueleza hakika iliyo moyoni mwa mteja mwenyewe, achana na "to" useme "The customer is sure of winning the case" au "sure that he will win".

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Mpenda Sarufi amenikumbusha nilichokiruka, nami namshukuru. Niongeze dogo tu kwa faida ya barua za kazi. Vivumishi vya hisia, kama glad, sorry na surprised, viko karibu na "eager" kwa kuwa mtendaji ni yule yule, ila tendo linakuwa sababu ya hisia, si lengo lake. "I am sorry to hear that your cargo was delayed" ni kusikitika kwa sababu ya ulichokisikia. Kiswahili hapa hakihitaji kivumishi, kinatosheka na kitenzi: nimesikitika kusikia.

Karani wa Bandarini aliandika:

Mwalimu, nimeiandika upya ile barua ya mafunzo, na kabla sijaipeleka naomba muipitie aya yake ya mwisho: "I am quick to learn new systems and I am used to work under pressure. It was kind of you to extend the deadline. If you have any questions, I am easy to reach on this number."

Mwalimu wa Jioni alijibu:

Aya ni nzuri. Rekebisha pahali pamoja: andika "used to working", kwa sababu ile "to" si ya kitenzi-jina, ni kihusishi, kama "iliyo" katika "nimezoea hali iliyo hivi" isivyo sehemu ya kitenzi "zoea". Nakiri mfano wangu umechechemea, lakini sentensi yako haitachechemea ukifanya hivyo.

Mfasiri wa Mwambao alijibu:

Nami nimeona umemaliza kwa "I am easy". Safari hii usiiguse, maana anayetafutwa kwa simu ni wewe. Ila usishawishike kuongeza "me" baada ya "reach".

Karani wa Bandarini aliandika:

Nilikuwa nimeiongeza, Mfasiri. Nimeifuta, na "working" nimeiweka. Msimamizi ameisoma saa nne asubuhi, akaifikia "easy", kalamu nyekundu ikasimama hewani kidogo, kisha akatia saini.